Re: Betri moja, majina matatu?

Ndugu, unasema mmoja wa mababu wa mkeo alikuwa katika kikosi cha mizinga myepesi cha Rockbridge, Virginia, lakini karatasi moja inataja betri (yaani kikosi cha mizinga) ya Pendleton na nyingine ya Poague. Hakuna kosa hapo. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, jeshi la majimbo ya Kusini liliita betri kwa jina la kapteni wake, na kapteni akiondoka jina linabadilika. William Pendleton aliiongoza 1861, kisha McLaughlin, Poague kuanzia 1862, na mwishoni Graham.

Anza na kadi za utumishi katika Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka ya Marekani, mkusanyo namba 109. Za Virginia ziko kwenye mikrofilamu M324. Zilinakiliwa kutoka orodha za mahudhurio, nyingi za miezi miwili miwili, kwa hiyo pengo kwenye kadi zake si ushahidi wa utoro. Angalia tarehe kwanza, kapteni baadaye. Na uwe macho: kulikuwa na betri ya pili ya Rockbridge, tofauti kabisa na hii, na watu huzichanganya kila siku.

Pensheni usiitafute Washington. Wanajeshi wa Kusini walilipwa na majimbo. Za Virginia zinaanzia 1888, ziko Maktaba ya Virginia, Richmond. Ila kama alihamia Texas baada ya vita, aliomba huko.

Jina likifanana tu, bila kaunti wala umri, usiliingize kwenye ukoo. Ukikwama kwenye mwandiko, mlipe mtafiti wa nasaba aliyeidhinishwa, kwa saa chache tu.