Kumpenda Mungu na bado kumwogopa: jibu kwa aliyeuliza

Mdogo wangu, umeuliza utampendaje Mungu unayemwogopa. Umesema pia kwamba tangu uanguke dhambini hukanyagi kanisani, maana ukisikia mahubiri ya jehanamu mwili unakutetemeka. Nitakujibu kwa kirefu kidogo, jambo hili nimeishi nalo.

Hofu uliyonayo ipo kwenye Biblia, ila ni ya Adamu. Mwanzo 3:10 anasema alisikia sauti ya Mungu bustanini, akaogopa, akajificha. Sijaona hofu hiyo ikimfanya mtu kuwa mwema. Lakini Kutoka 20:20 Musa anawaambia watu "msiogope", kisha papo hapo anasema Mungu amekuja ili utisho wake uwe mbele yao wasifanye dhambi. Kwa miaka mingi mstari huo ulinisumbua.

Niliuelewa kazini. Nilikuwa karani wa mizani kwenye AMCOS, yaani chama cha ushirika, ya wakulima wa pamba, Usukumani. Msimu ukifunguliwa watu wanaleta mizigo kwa baiskeli na mikokoteni ya ng'ombe, na wazee wengi hawajui kusoma. Bibi anaweka mzigo wake, wewe unasoma kilo, unaandika, yeye anakuamini. Kuna makarani waliokuwa wakipunja kilo mbili tatu kila mzigo, jioni zinaandikwa kwa jina la mtu mwingine. Mkaguzi akija anakuta vitabu visafi. Na mshahara wenyewe ulikuwa unachelewa! Pale nilipobaki na yule bibi na ile mizani, jehanamu niliiona mbali mno kunizuia. Kilichonishika mkono ni kujua kwamba Mungu anauona ule mshale kama ninavyouona mimi, na kwamba yule bibi ni wake.

Soma Walawi 19:14: "Usimlaani kiziwi, wala usitie kwazo mbele ya kipofu; bali umche Mungu wako." Kiziwi hasikii tusi lako, kipofu haoni nani kamwekea jiwe. Mungu amesikia na ameona. Ukifuatilia utakuta mara nyingi hofu ya Mungu inatajwa pale mwenye nguvu anapokutana na mnyonge. Shifra na Pua, wazalisha wa Waebrania kule Misri, waliamriwa na Farao waue watoto wa kiume wakakataa, na Kutoka 1:17 inatoa sababu moja tu: walimcha Mungu. Fikiria, Farao ndiye aliyekuwa na uwezo wa kuwaua siku ileile. Nehemia naye (5:15) anasema maliwali waliomtangulia walikuwa wakiwatoza watu chakula, divai na shekeli 40 za fedha; yeye hakufanya hivyo, kwa sababu ya kumcha Mungu. Kinyume chake ni yule kadhi wa Luka 18, asiyemcha Mungu, aliyemzungusha mjane.

Sasa 1 Yohana 4:18, kwamba pendo kamili huitupa nje hofu. Yohana mwenyewe anaeleza ni hofu ipi: ile yenye adhabu, ya mtu anayesubiri kiboko.

Wahubiri wanaotisha watu kwa laana ili sadaka iongezeke wananiumiza sana. Jehanamu Yesu aliihubiri, siifichi. Lakini katika Mathayo 10, akishasema kwenye mstari wa 28 tumwogope yeye awezaye kuangamiza mwili na roho, anaingia moja kwa moja kwa shomoro na nywele za vichwa vyetu zilizohesabiwa, kisha anasema "msiogope basi". Anayeishia mstari wa 28 amekunyima nusu ya maneno ya Yesu.

Kwa hali yako wewe, shika Zaburi 130:4: kwa Mungu kuna msamaha, ili aogopwe. Msamaha ndio umetangulia pale. Mtafute mchungaji au mzee wa kanisa unayemwamini, umweleze yote. Na kama dhambi hiyo ilichukua cha mtu, panga jinsi ya kukirudisha. Zakayo, yule mtoza ushuru, alitamka kurudisha mara nne, mbele ya Yesu mwenyewe, na Luka ameandika kwamba Zakayo alimkaribisha Yesu kwa furaha.