Kibao kizito na mpira unaopenya matofali kwenye Game Boy

Mkuu, umesema kwenye gemu lako la kuvunja matofali kibao cha kudundishia mpira kinachelewa, na mpira ukishika spidi unapenya matofali bila kuyavunja. Kwenye kibao usijilaumu sana, Breakout, gemu la matofali la Atari la 1976, ilichezwa kwa kuzungusha kinobu, we una vitufe vya kushoto na kulia tu, lazima kionekane kizito. Mchezaji akigusa kitufe kidogo kibao kisogee pikseli moja (nukta moja ya skrini), akishikilia kiongeze mwendo mpaka kikomo, na umpe kitufe kimoja cha kukimbiza, Alleyway ya 1989, gemu kama hilo la Game Boy, nayo ilitumia vitufe vya A na B kubadilisha kasi ya kibao.

Sasa mpira, hapo ndo kazi ilipo. Tofali likiwa na kimo cha pikseli 4 na mpira unaruka 6 kila fremu (kila picha mpya ya skrini) basi unalivuka kabla hujacheki kama umeligonga, kwa hiyo gawa huo mwendo, sogeza pikseli moja cheki, sogeza tena cheki. Ila usikague matofali yote moja moja jamani, prosesa yenyewe haina hata amri ya kuzidisha! Gawa tu nafasi ya mpira kwa upana na kimo cha tofali (kugawa kwa 8 na 4 ni kusogeza biti tu, yaani zile 0 na 1 za namba) unajua uko tofali gani. Pembe za kudunda weka kwenye jedwali, kulingana na sehemu ya kibao ambayo mpira umegusa, na ile ya kulala kabisa usiiweke, mpira utahangaika ukutani mpaka mtu azime.