Re: "Us youths", "we youths" au "they youths", ipi sahihi? Jibu langu refu kidogo

Mkuu mleta mada, kama nimekuelewa mna kikundi cha vijana wanaoanika dagaa kule Ilemela, mnaandika barua ya Kiingereza kuomba chanja za kuanikia, na sentensi ya kwanza tu imeshaleta ugomvi: "Us youths here in Ilemela we are requesting for drying racks." Mmoja anasema toa us weka we, mwingine anasema here haikai hapo, na wa tatu anataka muanze na they ionekane ya heshima. Aisee ngoja nijibu maana hili limenitesa.

Mi si mwalimu. Nilikuwa karani kwenye kiwanda kimoja cha minofu ya sangara hapa Mwanza, kazi yangu kujibu imeili za wanunuzi wa nje, na Kiingereza chenyewe kilikuwa cha fomu foo na kuungaunga. Nilichojifunza nimejifunza kwa kuaibika.

Kosa kubwa kwenye sentensi yenu wala sio us, ni ile we ya pili. Na linatoka kwenye Kiswahili chetu. Sisi tukisema "sisi vijana tunaomba", mwenye kazi pale ni tu- iliyokaa kwenye kitendo, hiyo sisi ni ya kukazia tu, ukiitoa "tunaomba" inabaki nzima haina shida. Mzungu hana tu-. We yake ndo tu- yetu na ndo sisi yetu, vyote viwili kwa pamoja. Sasa wewe ukiandika "us youths we" au "me I think" au ile ya mtaani "us we don't know" unakuwa umeandika sisi halafu ukahisi kitendo kiko uchi, ukakivalisha tena. Kwenye maongezi watakuelewa, na wao wenyewe kuna wanaosema "me, I think" wakiwa wamekaa wanapiga stori, ila kwenye barua ya kuomba hela hapana.

Ya us na we ni rahisi, toa neno youths uone kinachobaki. "Us request"? Haipo. "We request"? Ipo, basi ni "we youths". Kinyume chake pia ukumbuke, "they trained us youths" ni sahihi kwa sababu huwezi kusema "they trained we". Kuna watu walishapigwa sana na mwalimu kuhusu us mpaka wanaiogopa kila mahali wanaandika "for we fishermen", hapo wameruka mkojo wakakanyaga mavi. Waingereza wenyewe mtaani utawasikia "us fishermen are tired" na hakuna anayeshtuka, lakini hao hawaombi chanja.

Sasa they. Kwetu kila mtu anapokea jina nyuma yake: mimi mvuvi, wewe mvuvi, yeye mvuvi, wao wavuvi, hakuna anayekataa. Kwa Kiingereza wanaopokea jina moja kwa moja bila mkato ni we, us na you basi. "They fishermen" hakuna, unasema "those fishermen", na ukifikiria hata sisi mara nyingi tunasema "wale wavuvi" kuliko "wao wavuvi" kwa hiyo usiumie. "I fisherman" nayo hakuna, ni "as a fisherman, I" au unaweka mikato, "I, a fisherman". You ya mtu mmoja ndo ina vituko vyake, inapokea jina kama unamtukana mtu, unamhurumia au unamwonea wivu: "you fool", "you poor thing", "you lucky man". Ukitaka kusema tu wewe mwalimu, "you teacher", inagoma.

Na hapo kwenye you ndo nilipoungua. Kuna mnunuzi alichelewesha malipo, bosi kaniambia waandikie hawa watu, nikaandika kama ninavyofikiria, nyie watu mmechelewa: "You people have delayed our payment." Kwangu nyie watu ilikuwa ni wingi tu, sikuwa na kinyongo. Jibu lilikuja fupi la baridi limeelekezwa kwa bosi, mimi hata salamu sikupewa. Bosi kaniita akanionyesha ile "you people" kwa ncha ya kalamu, hakuongea, akaigonga mara mbili. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba "you people" masikioni mwao ni kama umesimama mlangoni unawanyooshea kidole, nyie watu wa aina yenu. Ilitosha "you" peke yake, au "your office".

Kwa nini nilihisi you peke yake haitoshi? Kwa sababu sisi tuna wewe na nyinyi, Msukuma ana bebe na bing'we, ila Kiingereza cha leo you ni hiyohiyo ya mmoja na ya kundi. Zamani walikuwa na thou ya mtu mmoja, ikapotea kwenye maongezi ya kawaida, na tangu hapo wanaziba pengo kwa kubandika neno nyuma: Mmarekani "you guys", wa kusini kwao "y'all", Mwingereza "you lot", na kote "you two". Hizo za kuongea. Kwenye barua usithubutu "you guys".

Here haina kosa, mwambie huyo mwenzio. "We here in Ilemela" ni kama sisi huku Ilemela, na likiwepo jina, jina linatangulia halafu mahali, "we youths here in Ilemela", mpangilio ni uleule wa kwetu. There ndo uwe nayo makini, "you there!" ni sawasawa na "wewe hapo!", unamwitia mtu usiyemjua jina na ambaye humheshimu sana. Mtu wa mbali usiseme "he there", sema "that man over there".

Kuna nyingine tunaikosea kwa kujua sana. Mkaguzi alikuja toka Ulaya, jua la saa nane, nikamuuliza "do you want cold something?" maana shule walitukaririsha sifa inatangulia jina. Akatabasamu akasema "something cold would be lovely". Hakunisahihisha, alilirudisha tu likiwa limekaa vizuri. Kumbe something, somebody, nothing, hizo sifa inakaa nyuma kama kitu baridi chetu, "somebody tall", "nothing new". Pale Kiswahili kingeniokoa ningekiacha kifanye kazi.

Haya, barua yenu. Neno youths lenyewe mi ningelitoa, kwenye magazeti ya Uingereza mara nyingi linatembea na habari za polisi na vioo vilivyovunjwa, weka young people. Request haitaki for, ukiipenda for tumia ask. Kwa hiyo: "We are a group of young people in Ilemela, and we are asking for drying racks." We zipo mbili lakini kila moja ina kitendo chake. Mkitaka ya kifua mbele, "We, the young people of Ilemela, request", ndo mtindo wa katiba ya Marekani ya 1787, "We the People", ila kwa chanja za dagaa naona ni suti kwenye mwalo.

Halafu hamjasema chanja ngapi. Hilo watauliza kabla ya sarufi.