Wadogo zangu, sampuli kabla ya prednisoloni

Wadogo zangu mnaoanza zamu, nawapenda, lakini hili nimelisema hadi sauti imekauka: si kila paka anayehema ana kadiomayopathi, yaani ugonjwa wa misuli ya moyo.

1. Oksijeni kwanza. Mwacheni atulie, ndipo mmguse.

2. Ultrasaundi inasema mengi, msikilizeni mgonjwa mzima. Maji kwenye mfuko wa moyo wa mbwa yakinifanya niwaze uvimbe, kwa paka nawaza kwanza moyo kushindwa kazi. Lakini ukuta wa moyo ukizidi milimita 6 msifunge faili mkidhani ni kadiomayopathi tu. Limfoma, saratani inayoushika moyo wa paka kuliko nyingine, hupenya kwenye misuli na kuinenepesha vilevile. Unene ukiwa wa mabaka, shukeni tumboni: figo, utumbo, tezi. Pimeni FeLV na FIV, virusi vya paka vya lukemia na vya upungufu wa kinga.

3. Furosemaidi, dawa ya kukojoza. Hapa ndipo panaponiuma. Mfuko umejaa, mapigo yanasikika kwa mbali kama yamefunikwa blanketi, kwenye skrini ukuta wa chumba cha juu cha kulia unabonyea ndani, na kijana wangu tayari ameshavuta furosemaidi kwenye sirinji. Jamani! Moyo uliobanwa hivyo unategemea damu inayorudi. Ukimkojoza paka, unampunguzia hata hiyo kidogo. Anayebanwa anahitaji sindano ya kuvuta maji: ubavu wa kulia, ultrasaundi ikiongoza, ECG ikisoma mapigo. Mililita chache zikitoka, mara nyingi utaona mbavu zinaacha kuhangaika. Maji mekundu yakiganda kwenye chupa tupu, shukuni kwamba mmeingia ndani ya moyo wenyewe. Yasipoganda, mengine yaende kwenye chupa ya EDTA, inayozuia kuganda, pakeni na vioo vya hadubini papo hapo. Msimwage! Nimeona maji yakimwagwa kwenye sinki, kisha paka akachomwa prednisoloni, dawa ya steroidi, kwa sababu mwenye paka analia. Dawa hiyo huua seli za limfoma haraka. Ukija kutafuta sampuli baadaye, maabara hayana cha kusoma, na saratani huenda imeshaanza kuzoea dawa.

4. Limfoma ni ya kemotherapi: siklofosfamidi, vinkristini, prednisoloni. Doksorubisini, dawa nyingine ya kemotherapi, ikiingia, chungeni figo. Uvimbe wa kitako cha moyo kama kemodektoma hukua polepole. Maji yakirudi-rudi, kuondoa mfuko wa moyo humpa nafuu bila kumponya.

5. Mwenye paka aambiwe wazi kwamba tunamtafutia paka muda mzuri wa kuishi. Mfundisheni kuhesabu pumzi paka akiwa usingizini. Zikizidi 30 kwa dakika, apige simu usiku huohuo.