Maswali na majibu: Kaskazi, kaskazini na kibla

Maalim, shikamoo. Kaskazi na kaskazini ni neno moja? (Msomaji, Chumbageni)

Marahaba. Moja limemzaa mwenziwe. Kaskazi ni upepo unaovuma toka kaskazini mashariki, Desemba hadi Machi hivi. Ndio uliokuwa ukileta majahazi ya Arabuni na Bara Hindi kwenye bandari zetu, na kusi, upepo wa kutoka kusini, ikishika yakarejea kwao. Tia -ni ya mahali, ile ya nyumbani na sokoni, upate kaskazini: huko itokako kaskazi. Kusini vivyo hivyo. Lakini mashariki na magharibi tumezipokea kwa Waarabu, nazo asili yake ni jua, linapochomoza na linapotua. Dira yetu basi nusu ya jua, nusu ya tanga. (Nimesema tanga, si Tanga. Hilo lina siku yake.)

Mwanangu akiulizwa kaskazini ni wapi, ananyoosha kidole darini! (Mama, Ngamiani)

Usimcheke. Kosa ni la ramani iliyotundikwa ukutani. Ibandue, itandike sakafuni. Kisha mwambie aelekee kibla. Tanga iko nyuzi 39.1 mashariki, Makka 39.8, kwa hiyo anayesali hapa kwetu ameelekea kaskazini hasa, na tofauti iliyobaki jicho haliioni. Ndiyo maana mzee wa pwani atakwambia mnazi uko "upande wa kibla" na hana habari ya kusali, anakuelekeza njia tu. Ila kipimo hiki asisafiri nacho: Senegal kibla iko upande wa mashariki, Indonesia upande wa magharibi.

Kaskazini mwa, au kaskazini ya? (Mwanafunzi, Pongwe)

Kilicho ndani, mwa: Lushoto iko kaskazini mwa Tanzania. Kilicho nje, ya: Kenya iko kaskazini ya Tanzania. Watangazaji huzichanganya kila siku, nami huzima redio.

Sisi watu wa pwani, mbona tumetiwa Kanda ya Kaskazini pamoja na Arusha na Kilimanjaro? (Msomaji, Raskazone)

Tazama ramani, ndugu yangu: wilaya yetu ya Mkinga imepakana na Kenya. Tena kuna reli, iliyoanza kujengwa hapa Tanga 1893 na kufika Arusha 1929. Mizigo ya huko imeteremkia kwetu miaka mingi. Undugu upo. Lakini mwambie mtu wa Arusha "kaskazi imeshika", uone kama hatakuuliza imeshika nini.