Mwili wa Franka Potente

Ndugu Mhariri, wiki hii mmetuuliza kama mwigizaji anayesifiwa kwa kukimbia na kuanguka anaigiza kweli, au anafanya tu mazoezi ya viungo mbele ya kamera. Mimi nafundisha riadha shuleni, na kila jioni kazi yangu ni kutazama watoto wanavyokimbia. Kwa hiyo nitajibu kwa kumtaja mtu mmoja, Franka Potente, mwigizaji wa Kijerumani aliyezaliwa Münster mwaka 1974.

Wengi walimfahamu kwa filamu ya Lola rennt, yaani “Lola anakimbia”, iliyoongozwa na Tom Tykwer na kutoka mwaka 1998. Mpenzi wa Lola amesahau ndani ya treni mfuko wenye marki 100,000 (marki ilikuwa sarafu ya Ujerumani wakati huo) za jambazi, naye Lola ana dakika 20 za kuzipata fedha nyingine kama hizo na kumfikia, la sivyo mpenzi huyo anaogopa kuuawa. Hadithi inasimuliwa mara tatu, kila mara kwa mwisho wake, na mara zote tatu Lola anakatiza mitaa ya Berlin kwa miguu. Mtu anayekimbia tu angezirudia mbio zilezile, nasi watazamaji tungechoka kabla yake. Potente hazirudii. Katika mbio za pili anategwa mguu ngazini, anaporomoka, kisha anatokea barabarani akichechemea, na maumivu hayo yanaonekana yamemwongezea hasira badala ya kumpunguzia kasi. Katika mbio za tatu, baada ya kumkosa baba yake, ambaye alitarajia ampe fedha hizo, anafumba macho huku miguu ikiendelea na kuomba asaidiwe, hata lori linapomlazimu kusimama ghafla. Kipande hicho nimekitazama mara nyingi mno. Kwa jicho la mwalimu wa riadha, mikono yake inatumia nguvu nyingi kuliko inavyotakiwa, lakini hivyo ndivyo anavyokimbia mtu mwenye hofu ya kufiwa, na mwanafunzi wangu akikimbia hivyo huwa namwita pembeni nimuulize kuna nini nyumbani.

Anayedhani kipaji chake kiko kwenye mbio peke yake aitazame Der Krieger und die Kaiserin, ya mwaka 2000, ya mwongozaji huyohuyo. Humo ni Sissi, muuguzi katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Wuppertal. Anagongwa na lori, analala chini yake pumzi zikimwishia, na mwanamume asiyemjua anamtoboa koo na kumpitishia mrija ili apate hewa. Hawezi kusema wala kusogea, na kazi yote inabaki kwa macho na kifua kinachotafuta pumzi. Binafsi naiona kuwa kazi ngumu kuliko zile mbio, kwa sababu hakuna mwendo wa kujificha nyuma yake.

Hollywood ilimpokea, ingawa nadhani haikumtumia ipasavyo. Katika The Bourne Identity ya mwaka 2002 yeye ni Marie, na magari ya polisi yanapowafukuza mjini Paris, yeye na Jason Bourne, jasusi aliyepoteza kumbukumbu, ameketi kwenye kiti cha abiria, akishika anachoweza kushika. Hata hivyo ni kwa kuutazama mwili wake uliokakamaa ndipo tunapojua kwamba mambo yanayofanywa na mwenzake si ya kawaida. Katika filamu iliyofuata, ya mwaka 2004, Marie aliuawa mapema, na kwangu filamu ile ilipungukiwa na joto kuanzia hapo. Mwaka 2008 alikuwa Tania, mpiganaji wa msituni nchini Bolivia, katika filamu ya Steven Soderbergh juu ya Che Guevara.

Kwa swali lenu, ushahidi ninaouthamini zaidi ni ule alioutoa akiwa nyuma ya kamera. Mwaka 2006 aliongoza Der die Tollkirsche ausgräbt, na akachagua iwe filamu bubu, ya rangi nyeusi na nyeupe, ambamo waigizaji aliowaongoza waliachiwa nyuso, mikono na miguu yao.