Kolesteroli ya mama na mishipa ya mtoto
Umeuliza iwapo kolesteroli ya mama mjamzito yaweza kudhuru mishipa ya damu ya mtoto ambaye hakurithi jeni yenye kasoro inayosababisha kolesteroli ya juu. Ndiyo, yaweza. Mwaka 1997 mtafiti Claudio Napoli na wenzake walionyesha kwamba michirizi ya mafuta, dalili ya mwanzo ya ugonjwa wa mishipa, katika aota (mshipa mkuu utokao moyoni) za vijusi ilikuwa mikubwa zaidi pale mama alipokuwa na kolesteroli ya juu. Inadhaniwa kuwa vikundi vya methili, yaani alama ndogo za kikemikali, hujibandika kwenye DNA au hubanduka, hivyo jeni hubaki zilezile huku utendaji wake ukibadilika, na alama za namna hiyo hudumu: waliotungwa mimba wakati wa njaa ya Uholanzi ya 1944–45 walikutwa nazo takriban miaka 60 baadaye. Lakini kolesteroli hupanda kwa kawaida wakati wa ujauzito, na kijusi huihitaji, kwa hiyo mama asijinyime chakula kwa kuiogopa.